Dhana potofu kuhusu amonia ya kijani, na ukweli wake

Septemba 2023 Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani jijini Nairobi, wakati wa mkutano wa Afrika wa tabianchi. Tangu hapo amonia ya kijani haikosekani kwenye mazungumzo ya umeme au ya mbolea, na kila anayeizungumzia ana lake. Mmoja anaapa itafukuza dizeli barabarani, mwingine anasema ni kiini macho cha wawekezaji. Mimi naona wote wawili wanaipima amonia kwa kazi moja tu, wakati zipo kazi inazoziweza vizuri na zipo ambazo haifai kuguswa nazo.

Tuanze na kitu chenyewe. Amonia ni nitrojeni moja iliyoshikana na haidrojeni tatu. Nitrojeni imejaa hewani, haina shida. Shida ni haidrojeni, ambayo leo karibu yote hutolewa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Dunia hutengeneza takriban tani milioni 180 za amonia kwa mwaka, na kazi hiyo pekee hutoa zaidi ya asilimia 1 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Haidrojeni ikipatikana kwa kuchanganua maji kwa umeme wa jua, upepo, maporomoko au jotoardhi, amonia yake ndiyo huitwa ya kijani. Gesi yenyewe haina rangi yoyote.

"Ni teknolojia mpya, bado iko maabara"

Fritz Haber alionyesha njia ya kuunganisha nitrojeni na haidrojeni mwaka 1909, Carl Bosch akaikuza hadi ngazi ya kiwanda, na uzalishaji ukaanza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Njia ni hiyo hiyo mpaka leo: joto la nyuzi 400 hadi 500, presha ya zaidi ya mara mia ya hewa tunayovuta, na kichocheo cha chuma.

Hata upande wa "kijani" ni wa zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Rjukan nchini Norwe, tayari walikuwa wanachanganua maji kwa umeme wa maporomoko ili wapate mbolea. Misri nao wakafanya hivyo Aswan kwa umeme wa Mto Nile. Zimbabwe walikuwa na kiwanda cha namna hiyo Kwekwe tangu miaka ya 1970, na mitambo ya kuchanganua maji ilizimwa muongo uliopita tu. Kilichoviangusha viwanda hivi ni bei. Gesi asilia ilikuwa rahisi kuliko umeme, na huko Kwekwe umeme wenyewe ukawa haba. Anayetaka kujua kama mradi mpya utasimama au utaanguka aulize kwanza bei ya uniti.

"Karibuni tutaijaza kwenye bodaboda"

Kuiwasha kwenye injini inawezekana. Ubelgiji, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mafuta yalipoadimika, mabasi yaliendeshwa kwa amonia iliyochanganywa na gesi ya makaa. Lakini fanya hesabu.

Tani moja ya amonia ya kijani hula uniti 10,000 hivi za umeme, nyingi zikienda kwenye kuchanganua maji. Ndani ya tani hiyo hubaki nishati ya uniti kama 5,200. Ukiichoma kwenye injini nzuri ya kuzalisha umeme unarudishiwa uniti 2,000 na ushei. Yaani umeweka kumi, umetoa mbili na kitu. Betri ya lithiamu ukiiwekea kumi inakurudishia nane na nusu au tisa. Kwa pikipiki, bajaji, gari dogo, hata basi la mjini, mjadala umeishia hapo: umeme uende moja kwa moja kwenye betri. Na bado sijataja kwamba hiyo ni gesi ya sumu, na mtungi wake ungekaa chini ya makalio ya abiria.

"Basi kama inapoteza kiasi hicho, haina maana"

Huku nako ni kuvuka mpaka. Betri ni ya kuhifadhi umeme wa mchana utumike usiku. Haiwezi kuhifadhi jua la kiangazi kwa ajili ya masika, wala kuvusha meli ya makasha kutoka Shanghai hadi Mombasa bila kituo cha kuchaji njiani.

Haidrojeni tupu ndiyo ilitarajiwa kuifanya kazi hiyo, ila kuigeuza kimiminika kunahitaji baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Amonia hugeuka kimiminika kwa nyuzi 33 tu chini ya sifuri, au kwa joto la kawaida ikibanwa kwa presha ya karibu mara kumi ya hewa, ambayo matangi ya chuma ya kawaida yanaihimili. Tena lita moja ya amonia iliyo kimiminika imebeba haidrojeni nyingi kuliko lita moja ya haidrojeni yenyewe iliyo kimiminika. Meli za kubeba amonia na matangi ya bandarini vipo miaka mingi sasa, kwa sababu ya biashara ya mbolea.

Gharama yake ni nafasi. Kwa safari ile ile, tangi la amonia linahitaji ujazo wa karibu mara tatu ya tangi la dizeli. Wenye meli wanaanza kulikubali hilo: mwaka 2024 Japani waliingiza kazini tagi (meli ndogo ya kuvuta meli kubwa) inayoitwa Sakigake, inayotumia amonia kwa sehemu kubwa na dizeli kidogo ya kuuanzisha moto.

"Haina kaboni, kwa hiyo ni safi kabisa"

Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili inategemea mambo mawili.

La kwanza ni moto wenyewe. Amonia ni mvivu kuwaka, na mwali wake hutembea polepole, ndiyo maana injini nyingi huisaidia kwa dizeli. Ikiungua vibaya hutoa oksidi za nitrojeni, zinazochafua hewa ya mji. Hutoa pia gesi ya nitrasi oksaidi, ambayo kilo moja yake hupasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 250 za hewa ukaa. Zipo njia za kuchuja bomba la moshi na zinafanya kazi, lakini lazima ziwepo na zipimwe.

La pili ni chanzo. Pale Hekinan, Japani, mwaka 2024 walichoma asilimia 20 ya amonia kwenye mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,000, na picha zikasambaa. Zile asilimia 80 nyingine zilibaki kuwa makaa. Na kama amonia inatokana na gesi asilia, moshi haujaondoka, umehamia nchi nyingine.

"Ni bomu"

Kwa kulipuka, gesi ya kupikia uliyonayo jikoni ni hatari zaidi. Amonia ni ya kuogopwa kwa sumu yake. Machi 1992, jijini Dakar, tangi la amonia lililokuwa limejazwa kupita kiasi lilipasuka kwenye kiwanda cha karanga. Watu 129 walikufa na zaidi ya 1,000 wakaumia.

Mafundi wa majokofu ya viwanda vya barafu na vya samaki, ambayo hupoozwa kwa amonia, wanaijua gesi hii vizuri. Kwenye mabomba yake huoni shaba wala shaba nyeupe, kwa sababu amonia huila, yote ni chuma. Hewa ikiwa tulivu wanajua kwamba wingu baridi la amonia iliyomwagika hutambaa chini, ingawa gesi yenyewe ni nyepesi kuliko hewa. Harufu yake kali hugunduliwa na pua mapema sana kabla haijafika kiwango cha kuua, na hiyo ni nafuu ambayo gesi nyingi za sumu hazina.

"Ni ya kupeleka Ulaya tu, na itamaliza maji yetu"

Miradi mikubwa kweli inatazama nje. Mradi wa NEOM wa Saudi Arabia umepangiwa tani milioni 1.2 za amonia kwa mwaka, na Oman nao wanataka kuisafirisha kupitia bandari ya Duqm. Lakini karibu na Naivasha, kwenye shamba la Morendat, kuna kiwanda kidogo cha tani moja kwa siku kinachotumia sola ya megawati 2 hivi, na amonia yake ni ya mbolea ya shamba. Hesabu inakubali: megawati 2 kwa saa tano za jua kali ni zile uniti 10,000 za tani moja.

Kuhusu maji, tani ya amonia hutumia lita 1,600 za maji safi. Ukiongeza yanayopotea kwenye kuchuja na kupooza, boza la lita 10,000 bado linakipeleka kiwanda kama hicho siku kadhaa. Maua ya Naivasha yanakunywa zaidi.

Kuna jambo moja ambalo wanaoshabikia mbolea hulisahau. Urea haitengenezwi kwa amonia peke yake, inataka na hewa ukaa. Kiwanda cha gesi asilia kinayo bure, cha umeme wa jua hakina. Ndiyo maana wa kijani hukimbilia mbolea ya CAN: sehemu ya amonia hugeuzwa asidi ya nitriki, nyingine huunganishwa nayo, kisha huchanganywa na chokaa. Akija mtu kuahidi urea ya kijani, mwulize hewa ukaa anaitoa wapi. Majibu mazuri yapo, kama mapovu ya kiwanda cha pombe, au gesi inayopanda pamoja na mvuke kwenye visima vya jotoardhi vya Olkaria.