Klomifeni si dawa ya kutafutia mapacha

"Ukitaka mapacha, meza Clomid siku tano mwanzoni mwa hedhi, haina madhara." Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu ya WhatsApp, mara nyingi ukiwa na picha ya watoto wawili waliovaa sare. Si kweli.

Klomifeni, dawa iliyomo kwenye kidonge hicho, huuchochea ubongo utoe homoni zinazoamsha ovari. Imekusudiwa mwanamke ambaye yai lake halipevuki, au hupevuka kwa kubahatisha. Mirija ikiwa imeziba, haiizibui. Mapacha hutokea, ndiyo, lakini kwa mimba zisizofika 10 katika kila 100 zinazopatikana kwa dawa hii. Mkanganyiko unaanzia hapo: aliyepata mapacha hutuma picha, wengine hawana cha kutuma.

Na madhara yapo. Joto la ghafla mwilini, kichwa kuuma na tumbo kujaa hutokea. Ukiona ukungu au vimulimuli machoni, acha dawa umwone daktari. Tumbo likivimba kwa maumivu makali, au pumzi ikibana, usingoje kesho. Ndiyo maana daktari huanza na dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 50 kwa siku, kwa siku 5, huku akifuatilia.

Fungua boksi usome kile kikaratasi kilichokunjwa ambacho wengi hukitupa. Madhara yameandikwa humo. Au muulize mfamasia. Ujumbe ukikufikia tena usiusambaze, hata kama aliyeutuma ni shangazi.