Sekunde mbili kati ya safu mbili za magari

Kwenye uwanja wetu wa mafunzo ya pikipiki kuna zoezi la kupenya katikati ya foleni ambalo halihitaji mtu kuwasha injini. Tunaegesha magari mawili madogo sambamba, kila moja katikati ya njia yake kama yanavyokaa kwenye foleni, kisha tunampa mwanafunzi futi ya kupimia. Njia moja ya barabara kwa kawaida ina upana wa mita 3 hadi 3.5. Gari dogo pamoja na vioo vyake vya pembeni huchukua takribani mita 2. Kwa hiyo penye njia za mita 3, kutoka kioo hadi kioo inabaki mita 1. Mwanafunzi anarudi kwenye pikipiki yake na kupima usukani kutoka ncha hadi ncha, anapata sentimita 80. Zimebaki sentimita 10 kila upande, upana wa kiganja.

Wengi hunyamaza hapo. Wamepenya kwenye nafasi hiyo kila siku kwa miaka, na hawakuwahi kuiona kwa namba.

Sisemi haya ili kumkataza mtu. Pikipiki inayokaa nyuma kabisa ya foleni nayo ina hatari yake: ikigongwa na gari linalokuja kwa nyuma, mwendeshaji hubanwa katikati ya vyuma viwili, na hana bodi wala mkanda wa kumkinga. Injini nyingi za pikipiki hupozwa kwa upepo wa mwendo, kwa hiyo kusimama nusu saa juani huku injini inanguruma huichosha mashine na aliyeikalia. Sababu za kupenya zipo, na ni za kweli. Ninachotaka mwendeshaji aelewe ni kwamba mambo mengi hapo huamuliwa na kitu kimoja: tofauti kati ya mwendo wake na mwendo wa magari anayoyapita.

Utafiti unaotajwa zaidi katika jambo hili ulitolewa mwaka 2015 na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ulichambua ajali za waendesha pikipiki karibu 6,000 jimboni California, na kati yao 997 walikuwa wakipita katikati ya safu za magari wakati wa ajali. Hao 997 waliumia kichwa kwa asilimia 9, wakati wengine waliumia kichwa kwa asilimia 17. Vifo vilikuwa asilimia 1.2 kwa 3.0. Waliogongwa kwa nyuma walikuwa asilimia 2.6 kwa 4.6.

Namba hizi hupenda kusambazwa zikiwa zimekatwa nusu, na hilo linanisikitisha. Kwanza, utafiti ulihesabu watu waliokwisha kupata ajali, kwa hiyo hauwezi kukuambia kama kupenya kunapunguza ajali zenyewe. Pili, waliokuwa wakipenya walikuwa na kawaida ya kuvaa kofia ngumu nzuri zaidi na kwenda mwendo mdogo zaidi, na ni wachache zaidi kati yao waliokuwa wamelewa; hayo peke yake yanapunguza majeraha. Tatu, walioligonga gari la mbele walikuwa asilimia 38.4, ilhali kwa wengine ni asilimia 15.7. Anayepenya hagongwi sana kwa nyuma, yeye ndiye anayegonga. Na sehemu inayosahaulika kabisa ni hii: watafiti walikuta hatari haiongezeki sana iwapo magari yanakwenda maili 50 kwa saa au chini ya hapo, yaani kama kilomita 80, na pikipiki haiyazidi magari kwa zaidi ya maili 15, ambazo ni kilomita 24 kwa saa. Ukivuka tofauti hiyo, majeraha huongezeka.

Kwa nini tofauti, na si mwendo wenyewe? Mfikirie dereva anayetaka kuhamia njia ya pili. Anatazama kioo, anageuza shingo, anarudisha macho mbele, anakata usukani. Kazi hiyo huchukua kama sekunde mbili. Ukimzidi kwa kilomita 15 kwa saa, ndani ya sekunde hizo umesogea mita 8 kumwelekea. Alipotazama kioo ulikuwa hapo nyuma yake na alikuona. Ukimzidi kwa kilomita 40, umesogea mita 22, zaidi ya magari matatu yaliyopangana kwenye foleni. Alipotazama kioo ulikuwa mbali, au ulifichwa na basi. Alitazama vizuri na hakukuona. Baada ya ajali atasema “sikumwona,” watu watamwita mwongo, naye anasema kweli.

Macho yenyewe yana udhaifu wake. Yanaporuka haraka kutoka kioo hadi barabara, ubongo huzima picha kwa muda mfupi mno, mtu hajui kama kuna kitu amekosa. Halafu ubongo hukadiria mwendo wa kitu kinachokuja kwa jinsi umbo lake linavyotanuka machoni. Lori linatanuka waziwazi. Pikipiki ukiitazama kwa mbele ni mstari mwembamba wenye taa moja, nao hautanuki mpaka iwe karibu kabisa. Hivyo dereva huiona na bado huamini iko mbali. Taa iliyowashwa mchana na nguo za rangi inayong'aa husaidia ya kwanza, yaani kuonekana, lakini hazimsaidii kukadiria mwendo wako. Hilo unalitatua kwa mkono wako wa kulia tu, kwa kuachia mafuta.

Sasa niingie kwenye mitego, na nianze na ule unaonitia hofu kuliko yote: mwanya. Foleni imeganda, gari moja limeacha nafasi mbele yake ya kutosha gari zima. Mwendeshaji anayekuja katikati ya safu anaona nafasi tupu na kuongeza mwendo. Lakini nafasi hiyo ina sababu. Huenda dereva ameiacha ili gari litoke barabara ya pembeni. Huenda amempisha mama na mtoto wanavuka. Huenda ni safu ya pili inayosogea haraka zaidi, na aliyechoka kusubiri ameshaanza kukata usukani kuingia. Anayetoka kwenye mwanya huo anatazama mbele ya gari lililompisha. Akijitokeza, wewe na yeye mnaonana mkiwa mita mbili. Mwaka 1966 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya pikipiki iliyokuwa ikiipita foleni na kugongana na gari lililojitokeza kwenye mwanya hivyo hivyo, na mwendesha pikipiki alibebeshwa asilimia 80 ya lawama. Mwaka 2006, katika kesi ya dereva aliyechoka na foleni na kugeuza gari ghafla arudi alikotoka, lawama yote ilimwangukia dereva. Sheria hupima mazingira. Mwili wa mwendeshaji haukupimiwa chochote katika kesi zote mbili, uligonga chuma vilevile.

Kwa hiyo ninafundisha hivi: kabla ya kila mwanya, rudi kwenye mwendo wa mtu anayetembea haraka, vidole viwili juu ya breki, na usivuke mpaka umeona ndani yake. Inachosha. Watu hulalamika kwamba ukifanya hivyo huna faida ya pikipiki. Bado unawapita waliosimama.

Mtego wa pili ni mlango. Foleni ikikaa, abiria huamua kushuka hapo hapo, na anayeshuka katikati ya barabara huwa ana haraka. Tuhesabu. Kwa kilomita 20 kwa saa unasafiri mita 5.6 kila sekunde. Ukihesabu sekunde moja ya kushtuka na breki nzuri kwenye lami kavu, unasimama ndani ya mita 8 hivi. Kwa kilomita 40 unahitaji mita 21. Mlango hufunguka chini ya sekunde moja. Dalili zake zipo kwa anayezitafuta: taa ya ndani imewaka, kichwa cha nyuma kinainama kama mtu anayeokota begi, basi limesimama mahali pasipo kituo. Na wewe uliye ndani ya gari, fungua mlango kwa mkono ulio mbali nao. Mkono huo ukivuka kifua, bega linageuka, na macho yanafuata hadi nyuma bila kulazimishwa.

Mtego wa tatu ni malori. Turudi kwenye futi yetu. Barani Ulaya lori la kawaida huruhusiwa upana wa mita 2.55 bila kuhesabu vioo. Malori mawili sambamba kwenye njia za mita 3.25 yanaacha sentimita 70. Usukani wako ni 80. Hapo hapapitiki, na wapo wanaoligundua hilo wakiwa wameshaingia nusu. Trela linapotaka kukata kona, dereva hulipeleka kwanza upande wa pili ili apate nafasi ya kugeuza, na kwenye upande wa ndani panafunguka uwazi mkubwa unaoonekana kama umekaribishwa. Halafu magurudumu ya nyuma, ambayo hayafuati njia ya magurudumu ya mbele, yanaufunga uwazi ule yakipita ndani zaidi. Dereva hasikii chochote. Tunapopata lori uwanjani, tunampandisha mwanafunzi kwenye kiti cha dereva na kumwomba ataje wenzake anaowaona. Mmoja huwa amesimama karibu na tairi la mbele upande wa abiria, kofia kichwani, mikono juu. Mwanafunzi anatazama vioo vyote, anainuka kidogo kitini, anataja majina ya wengine wote isipokuwa huyo.

Kuhusu sheria, ya kwanza ni ile ya mahali unapoendesha, na mahali pengi kupita katikati ya safu ni kosa moja kwa moja. Walioruhusu kwa maandishi wameshika kamba ile ile ya mwendo. New South Wales nchini Australia iliruhusu tangu tarehe 1 Julai 2014, isizidi kilomita 30 kwa saa, na kwa wenye leseni kamili tu, anayejifunza haruhusiwi. Utah nchini Marekani, mwaka 2019, ilitaka magari yawe yamesimama kabisa na pikipiki isizidi maili 15 kwa saa. Minnesota, kuanzia Julai 2025, imeweka ukomo wa maili 25 na tofauti isiyozidi maili 15. Ufaransa ilianza majaribio katika baadhi ya maeneo mwaka 2016, na tangu Januari 2025 inaruhusu nchi nzima kwenye barabara kuu zenye kizuizi katikati, wakati wa msongamano, kwa kilomita 50 kwa saa, na 30 iwapo safu mojawapo imesimama. Huko ni lazima upite kati ya njia mbili zilizo mbali zaidi na ukingo wa nje. Ninaona busara katika sharti hilo: huko mbali na ukingo ndiko kusikokuwa na wanaotoka wala wanaoingia, na malori huwa hayaendi.

Ufundi wa mwendo mdogo hauji wenyewe. Pikipiki inayoenda polepole husimamishwa na klachi iliyoachiwa nusu, breki ya nyuma iliyoguswa kidogo na macho yanayotazama mbali. Anayetazama vioo vya magari huishia kuvigonga. Breki ya mbele ikikamatwa kwa nguvu huku usukani umepinda, pikipiki inalala. Mvua ikinyesha, mistari iliyopakwa rangi huteleza, nawe umepanda juu yake muda wote. Mkiwa wawili, wa nyuma asimfuate wa mbele kwa karibu: dereva husogea kumpisha wa kwanza, kisha hurudi katikati ya njia yake akidhani wamekwisha.

Madereva nao wana sehemu yao, na nawaambia bila kuzunguka: kuziba njia makusudi kwa sababu umekasirika kuwa mwenzako anafika kabla yako ni kuhatarisha uhai wa mtu kwa ajili ya dakika tatu. Washa indiketa kwanza, subiri kidogo, tazama tena, ndipo uhame. Wala usimpungie mkono mtu avuke mbele yako kama hujatazama nani anakuja pembeni. Wema wako ndio utakaomtoa hadharani.

Hatari kubwa zaidi huja foleni inapoanza kuachia. Taa zimegeuka kijani au kizuizi cha mbele kimeondoka, magari yanaondoka kwa mwendo usiolingana, kila dereva anatafuta safu inayokwenda, na wewe bado uko katikati. Usijaribu kuwahi mbele. Chagua upande, washa indiketa, mtafute dereva mmoja kwa macho, si kwa honi, na ukiona ameachia mafuta, ingia kwenye njia nzima na ukae katikati yake kama gari. Mwinulie mkono. Yeye ndiye aliye nyuma yako kuanzia sasa.