Mitaro ya wazi ya Malmö na Copenhagen

Mwanafunzi wa mipango miji akienda Skandinavia, wenzake wanatarajia arudi na picha za Turning Torso, lile jengo la Santiago Calatrava linalojipinda mita 190 kwenda juu, au za jumba la opera la Oslo ambalo watu hulipanda paa lake kwa miguu. Nilizipiga. Lakini muda wangu mwingi uliishia mitaroni, hasa katika mtaa wa Augustenborg, mjini Malmö, Sweden, ambao sidhani kama umewahi kutiwa kwenye postikadi.

Augustenborg ni nyumba za kupanga za kampuni ya manispaa, MKB, zilizoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Kama sehemu nyingi za Ulaya, mtaa ulitegemea bomba moja lililobeba majitaka na maji ya mvua kwa pamoja. Mvua kubwa ikipiga, bomba linajaa, na maji yakikosa pa kwenda yanarudi kupitia matundu ya sakafu za vyumba vya chini ya ardhi, pamoja na vyote vilivyotoka vyooni. Dawa iliyozoeleka ni kufukua barabara na kulaza bomba kubwa zaidi. Mradi wa kuufufua mtaa ulipoanza mwaka 1998, walishika njia nyingine: maji ya mvua yaondolewe bombani, yapite juu ya ardhi.

Nilifanya zoezi ambalo ningempa mwanafunzi yeyote, la kufuata tone moja tangu paani. Baadhi ya mapaa yamepandwa mimea mifupi inayonyonya sehemu ya mvua. Maji yanayobaki yanashuka kwa mlizamu, na badala ya kuzama ardhini yanamwagika kwenye mfereji mwembamba wa zege unaokatiza uani. Mfereji unaishia kwenye bwawa. Bwawa likijaa, linafurikia kiwanja cha nyasi kilichochimbwa chini kidogo, ambacho siku za jua ni pa kuchezea. Mifereji yote inafika kilomita 6 hivi, na mabwawa ni 10. Ufundi wenyewe umefichwa kwenye mteremko: ua umeinamishwa kama sakafu ya bafu, kiasi kwamba jicho halitambui ila maji yanajua pa kwenda. Baadhi ya wakazi walihofia watoto wao na hayo maji ya wazi, na nawaelewa.

Mtu wa Dar es Salaam atauliza, mtaro wa wazi nao ni wa kufuata hadi Sweden? Kwetu ni alama ya mtaa uliosahaulika, na kila diwani anaahidi kuufunika. Ila mfereji wa Augustenborg unabeba mvua peke yake. Majitaka yalibaki na bomba lake. Mtaro uliounganishwa na choo, hata ukiuzungushia maua, utabaki kuwa hatari kwa afya.

Kutoka Malmö nilivuka daraja la Øresund kwa treni hadi Copenhagen, Denmark, mji uliojifunza kwa kipigo. Tarehe 2 Julai 2011 zilimwagika zaidi ya milimita 100 za mvua kwa muda wa saa mbili hivi, na hasara ikahesabiwa kwa mabilioni ya krona. Mwaka uliofuata mji ulipitisha mpango wa mvua za ghafla, wenye miradi kama 300 ya kutekelezwa kwa miaka 20. Kipimo chake kinavutia: hata mvua ya aina inayotarajiwa mara moja katika miaka 100 isiache zaidi ya sentimita 10 za maji barabarani. Hawakuahidi mji mkavu. Waliamua maji yasimame wapi, na kwa kina gani.

Uwanja wa Tåsinge Plads, katika eneo la Østerbro, ulifunguliwa mwaka 2014, na ndiko nilikojifunza jambo ambalo mchoro haukuwa umenionyesha. Maji ya paa na maji ya barabara hayachanganywi. Wakati wa baridi barabara hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha barafu, na Denmark hunywa karibu maji yote kutoka ardhini. Ukiacha maji ya barabarani yazame ovyo, unatia chumvi kisima chako. Kwa hiyo ya paa yanaruhusiwa kuzama, ya barabara yanapewa njia yake.

Enghaveparken, bustani ya miaka ya 1920, ni kubwa zaidi: inaweza kushika mita za ujazo 22,600. Uwanja wa michezo umeshushwa, na ukuta mfupi umezungushwa pembezoni. Penye malango, vizuizi huinuliwa na maji yenyewe yanapopanda.

Mabwawa yanavutia kamera, lakini mimi sasa mradi kama huu nausoma kuanzia upande wa matunzo. Augustenborg gharama zimegawanywa: MKB inachangia kupitia kodi ya nyumba, idara ya maji kupitia bili za maji, manispaa kupitia bajeti yake ya kawaida. Kila mfereji una anayelipia kuzolewa majani. Michoro ya mitaro niliyoona ikiwasilishwa nyumbani mara nyingi huishia kwenye bei ya zege, na safu ya usafi wa kila mwezi haimo kabisa.