Kiwewe kinapokaa mwilini

Mlango unabamizwa na upepo, na mtu aliyenusurika ajali miaka mitatu iliyopita anajikuta ameng'ang'ania kiti, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio. Akilini anajua ni mlango tu, ila mwili haujapata habari hiyo. Wengi wanaofika katika kitengo chetu cha ushauri nasaha hulieleza jambo hili kwa aibu, kana kwamba wamekiri udhaifu.

Si udhaifu. Ni kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha. Hatari inapotokea, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala hutoa tahadhari kabla hatujapata hata kufikiri. Homoni ya adrenalini huingia kwenye damu, moyo hudunda, misuli hukaza, tumbo hupunguza kusaga chakula. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Marekani, aliyaeleza haya mwaka 1915 kuwa ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Lakini mwili una jibu jingine, nalo ni kuganda: viungo hufa ganzi, sauti hukauka. Nalikazia hili kwa sababu waliobakwa bado wanaulizwa, "Mbona hukupiga kelele?" Kuganda hakupitii kwenye uamuzi. Tafadhali tuache kuwauliza hivyo.

Kwa baadhi ya watu hali ile ya tahadhari haizimiki hata hatari ikishapita. Taya limekazwa, mabega yamepanda, usingizi ni wa mang'amung'amu, tumbo linasokota na vipimo havionyeshi kitu.

Hapo ndipo tiba ya kupitia mwili inapoanzia. Mtaalamu hakulazimishi kusimulia yaliyokupata. Anakuuliza sasa hivi unahisi nini, na wapi. Pengine kifua kimebana; anakaa nawe hapo kidogo, kisha anakurudisha mahali palipotulia, labda kwenye viganja au nyayo zinazogusa sakafu. Mnakwenda na kurudi, taratibu. Mwili ukitetemeka, hakuna haja ya kuona haya wala kuuzuia kwa nguvu. Na wakati wowote unaweza kusema basi. Kwangu hiki ndicho kiini cha tiba yenyewe, maana tukio lile lilimpokonya mtu uwezo wa kusema basi.

Kuhusu pumzi, Kiswahili kilishatangulia: aliyetoka kwenye hofu tunasema ameshusha pumzi. Unapovuta hewa mapigo ya moyo huongezeka kidogo, unapoitoa hupungua, na kazi hiyo hufanywa zaidi na neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo hadi moyoni na tumboni. Jaribu kuvuta hewa kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, kwa dakika chache. Ukisikia kizunguzungu, acha. Wapo ambao kufumba macho na kufuatilia pumzi huwaamshia hofu. Hao wabaki macho wazi, wataje vitu 5 wanavyoviona, au wasukume ukuta kwa viganja.

Je, kuupitia mwili na pumzi kunasaidia? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulihusisha wanawake 64 wenye msongo sugu uliotokana na kiwewe. Baada ya wiki 10, wanawake 16 kati ya 31 waliofanya yoga, yaani mazoezi ya kunyoosha mwili na kupumua, hawakufikia tena vigezo vya ugonjwa huo. Katika kundi la kulinganisha walikuwa 6 kati ya 29. Inatia moyo, ingawa ni utafiti mdogo. Tiba za mazungumzo zinazolenga kiwewe zina ushahidi mzito zaidi, kwa hiyo simshauri mtu aziache, wala aache dawa alizoandikiwa, kwa sababu ameanza mazoezi ya mwili.

Maumivu ya kifua yapimwe kwanza na daktari. Usiyahesabu kuwa ni kiwewe. Anayekugusa bila idhini yako, au anayekuahidi kupona kwa kikao kimoja, muache. Na ukianza kuwaza kujiua, usisubiri siku ya miadi: mwambie mtu aliye karibu akusindikize hospitali leo hii.