Simbilisi mzee anayeumwa muda mrefu: maswali na majibu

Maswali haya niliulizwa na mama mmoja wa Magomeni, Mtwara mjini. Mwanawe ana simbilisi dume wa miaka sita, aliletewa na mjomba wake kutoka Njombe. Siku hizi anachechemea na amekonda. Majirani wanasema ni uzee, aachwe tu. Ushauri wa namna hiyo unaua wanyama ambao bado wana siku zao, ndiyo maana nimeandika majibu haya kwa urefu.

Miaka sita ni uzee kweli?

Ni uzee. Simbilisi wengi huishi miaka mitano hadi minane. Ila uzee peke yake haumkondeshi mnyama kwa wiki mbili. Huyu ni mnyama wa kuwindwa, huficha maumivu. Ukimkuta amejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama, ujue ameumwa siku kadhaa nawe hukujua. Kwa hiyo usitegemee macho, tumia mizani ya jikoni. Mzima mpime mara moja kwa wiki, mgonjwa kila asubuhi kabla hajala, na uandike kwenye daftari. Mkubwa huwa na gramu 700 hadi 1,200. Akipungua 50, mchunguze. Akipungua 100, mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama bado anakula.

Kwa nini anachechemea?

Anza na vitamini C. Mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kuitengeneza. Akiikosa, viungo huvimba na kuuma, fizi hutoka damu, vidonda haviponi, na watu husema kazeeka. Kwa siku anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake, na mgonjwa apewe kiwango cha juu. Kipande cha pilipili hoho cha gramu 30 kina kama miligramu 24. Au chukua kidonge cha miligramu 100, ukate robo, uiponde na kumpa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usiitie kwenye maji ya kunywa: huharibika haraka, na hutajua amekunywa kiasi gani.

Baada ya wiki mbili asipopata nafuu, huenda ni viungo vilivyochakaa. Hivyo havirudi kuwa vipya, lakini maumivu yanatulizwa. Mtandikie nguo laini badala ya saruji, chakula na maji viwe karibu, asipande ngazi yoyote.

Msimu wa korosho mabibo yamejaa, na nasikia yana vitamini C. Nimpe?

Vitamini C imo, tena nyingi, lakini sukari nayo ni nyingi na bibo huchacha upesi. Sote tunajua uraka, pombe ya mabibo, unavyotengenezwa. Tumbo lake halihimili kitu kilichochacha. Kisamvu kibichi nacho usimpe kabisa, kina sumu ya sianidi. Chakula chake kikuu kiwe majani ya kawaida, ukoka kwa mfano, kutwa nzima, maana meno yake hukua maisha yote na husagika kwa kutafuna.

Nimpe amoksilini iliyobaki nyumbani?

Hapana, mama yangu, hata tone. Penisilini na jamii yake, amoksilini na ampisilini zikiwemo, huua bakteria wema wa tumboni mwa simbilisi. Wabaya huchukua nafasi yao na kumwaga sumu, naye huharisha na kufa ndani ya siku chache. Wengi hudhani ugonjwa ulimzidi, kumbe ni dawa. Mwambie yeyote anayekuandikia dawa kwamba mnyama wako ni simbilisi, usiseme tu "mfugo mdogo". Diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za watu nazo ziache dukani, huweza kuumiza tumbo na figo. Daktari wa mifugo anaweza kumpa meloksikamu kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, na hapo daftari lako la mizani litamsaidia sana.

Joto la huku je?

Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, kwenye baridi. Joto likipita nyuzi 28 anaanza kutaabika, na mzee hutangulia. Asiwekwe chini ya bati. Mpe chupa ya maji yaliyoganda, uliyoizungushia kitambaa, ajilaze karibu nayo.

Nyuma kumekwama kinyesi.

Kwa dume mzee misuli ya pale hulegea. Lainisha kwa maji ya vuguvugu na mafuta kidogo, kitoe taratibu, kisha nawa kwa sabuni. Mkague kila siku.

Akigoma kula?

Saa 12 bila kula ni dharura. Akidondosha chakula na kidevu kikilowa, huenda magego yamerefuka, hayo ni ya daktari. Wakati mnatafuta usafiri, loweka chakula cha sungura kisicho na dawa mpaka kiwe uji, ongeza vitamini C, umlishe kidogokidogo kwa pembeni ya mdomo. Usimlaze chali, atapaliwa.

Nitajuaje imetosha?

Andika siku zake nzuri na mbaya. Siku nzuri ni ile anayokuja mwenyewe kwenye majani na kulia akisikia mnafungua mlango. Mbaya zikizidi kwa wiki mbili ilhali dawa anapata, mwombeni daktari amlaze kwanza usingizi, ndipo sindano ya mwisho. Mtoto aulizwe kama anataka kuwepo. Shimo la kumzika liwe la kufika magotini, mbwa wasije wakafukua.