Shina la ubongo: kuwa macho si kuwa na fahamu

Mgonjwa amelala siku 12 hajitambui. Asubuhi moja macho yanafunguka. Ndugu aliyekuwa kando ya kitanda anatoka mbio kwenda kuwaambia wenzake: "Kaamka!" Muuguzi anakuja, anamwita mgonjwa kwa jina lake, kisha anashika kioo kidogo mbele ya uso wake na kukisogeza polepole, kulia, kushoto, juu, chini. Macho yako wazi, lakini kioo kinapita na hayakifuati.

Je, ameamka? Ndiyo. Ana fahamu? Bado haijulikani. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana "yu macho" na "ana fahamu" ni kauli mbili, ingawa mazungumzo ya kila siku huzichanganya. Madaktari nao hutenganisha mambo hayohayo: kuwa macho ni jambo moja, kutambua nafsi yako na yanayokuzunguka ni lingine. La kwanza linatoka kwenye shina la ubongo. La pili linahitaji sehemu kubwa ya ubongo wa juu ifanye kazi kwa pamoja.

Shina la ubongo ni ile sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Unene wake haupiti sana kidole gumba, na urefu ni kama sentimita 7 hivi. Ndani yake hupita karibu amri zote zinazoshuka mwilini na karibu habari zote zinazopanda, na humo ndimo kulimo vituo vya kupumua na mapigo ya moyo. Katikati yake kuna utando wa seli uliosukwa kama wavu, unaoitwa retikula. Kutoka kwenye wavu huo na vituo jirani, ishara hupanda hadi thalamasi na maeneo mengine ya katikati ya ubongo, kisha husambaa kwenye gamba la nje. Kituo kimoja hapo, kidoa chenye rangi ya samawati, kina makumi ya maelfu ya seli tu, ndani ya ubongo wenye seli za neva zipatazo bilioni 86. Lakini nyuzi zake hufika karibu kila pembe, zikimwaga noradrenalini, kemikali inayouamsha ubongo.

Zamani ilidhaniwa kwamba tunakaa macho kwa sababu sauti, mwanga na miguso haituachi tulale. Hoja hiyo ilianza kuyumba mwaka 1949, Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun walipochochea retikula ya paka kwa umeme. Mawimbi ya ubongo yaliyokuwa makubwa na ya polepole, kama ya usingizini, yaligeuka mara moja kuwa madogo na ya kasi, kama ya mnyama aliye macho. Kabla yao, mwaka 1917, daktari Constantin von Economo wa Vienna alieleza ugonjwa uliowalaza watu kwa majuma. Katika maiti za waliosinzia namna hiyo, madhara yalionekana pale shina linapokutana na ubongo wa juu.

Sasa koma. Mtu aliye katika koma hafungui macho hata ukimfinya. Fahamu hupotea hivyo kwa njia mbili. Ama shina lenyewe limeumia, na hapo jeraha dogo tu latosha, au pande zote mbili za ubongo wa juu zimezimwa kwa mpigo, mfano kwa kukosa oksijeni, sukari kushuka mno, au sumu. Upande mmoja ukiharibika peke yake, kwa kawaida mtu hapotezi fahamu, isipokuwa uvimbe au damu iliyovuja isukume ubongo hadi ulikandamize shina. Ndiyo maana daktari humulika macho kwa tochi kila baada ya muda. Mboni moja ikitanuka na kugoma kusinyaa, huenda neva inayotoka kwenye shina inabanwa, na hakuna muda wa kupoteza. Kipimo cha Glasgow, kilichoanza mwaka 1974, hutoa alama 3 hadi 15 kwa macho, maneno na mwendo wa viungo; 8 kushuka chini huhesabiwa koma. Hakuna sifuri: asiyeitikia chochote bado ana 3.

Shina likifa kabisa, mboni haziitikii mwanga, koo halikohoi, na mgonjwa hapumui mashine inaposimamishwa chini ya uangalizi. Nchi nyingi huhesabu hali hiyo kuwa kifo, ijapokuwa moyo bado unadunda kwa msaada wa mashine.

Kuna na kinyume chake, kinachotisha kwa namna nyingine. Kiharusi kinaweza kuharibu upande wa mbele tu wa sehemu ya kati ya shina, njia ya amri za viungo, na kuuacha ule wavu mzima. Mgonjwa anasikia kila neno linalosemwa juu yake, ila hawezi kusogeza kitu isipokuwa kope, na macho kwenda juu na chini. Basi mwambie atazame juu kabla hujasema hajitambui.

Koma mara chache hupita majuma machache. Wasiokufa wala kupona huingia katika hali ya yule mgonjwa wetu: shina limerudi kazini, kwa hiyo macho hufunguka na kufumba kwa zamu ya kulala na kuamka, anapumua mwenyewe, anaguna, pengine machozi yanamtoka. Hayo yote shina hufanya bila fahamu. Wengine husogea hatua zaidi: hutii amri mara moja kati ya kumi, au hufuata kitu kwa macho. Hali hiyo ya fahamu hafifu ilipewa vigezo vyake mwaka 2002, na matumaini yake ya kupona ni makubwa zaidi.

Hata hivyo, kutazama kwa macho tu kunaweza kudanganya. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake nchini Uingereza walimwomba mwanamke asiyeitikia chochote awaze anacheza tenisi. Picha za ubongo wake zilionyesha maeneo ya mwendo yakiwaka kama ya mtu mzima wa afya.

Ndiyo maana muuguzi hutumia kioo, wala si kalamu: wagonjwa wengi hufuata sura yao wenyewe kabla ya kufuata kitu kingine. Na kwa kuwa fahamu hafifu huja na kuondoka, kesho atakileta tena, saa nyingine, mgonjwa akiwa ameinuliwa na hana usingizi.