Toleo la matengenezo ni nini? Tuitazame Python 3.10.7

Toleo la matengenezo la lugha ya programu ni lile linalorekebisha kasoro za toleo lililotangulia bila kuongeza jambo jipya. Toleo la 3.10.6 la lugha ya Python lilipofuatwa na 3.10.7 mwanzoni mwa Septemba 2022, kilichobadilika kwenye jina ni namba ya mwisho tu, na namba hiyo ni ahadi kwa mtumiaji: programu iliyofanya kazi jana itafanya kazi na leo. Hata hivyo 3.10.7 iliwakwamisha watu ambao hawakuwa wamekosea chochote. Ndiyo maana nimeichagua. Ahadi huonekana vizuri zaidi pale inapofika ukomo wake.

Kwanza namba zenyewe. Katika Python, namba ya mwanzo inahusu lugha nzima. Ilipotoka 2 kwenda 3 mwaka 2008, programu nyingi zililazimika kuandikwa upya, na toleo la 2.7 likaendelea kuhudumiwa hadi mwanzo wa 2020 kwa sababu watu walichelewa kuhama. Namba ya katikati hupanda mara moja kwa mwaka, kila Oktoba, tangu ilipotoka 3.9 mwaka 2020. Hapo ndipo mambo mapya huingia. Maneno `match` na `case`, kwa mfano, yanayoiwezesha programu kuchagua njia kulingana na umbo la data, yalikuja na 3.10. Namba ya tatu ndiyo ya matengenezo, na kwa kawaida hupanda kila baada ya miezi miwili hivi.

Kinachoruhusiwa humo ni kusahihisha majibu yasiyo sahihi, kuzuia programu isianguke, kuziba matundu ya usalama na kurekebisha maelezo ya matumizi. Kipengele kipya hakiruhusiwi, hata kiwe kidogo namna gani. Kanuni hii iliandikwa mwaka 2001 katika PEP 6, moja ya hati ambazo jumuiya ya Python hutumia kuweka maamuzi yake, na mwaka uliofuata tu ikavunjwa: toleo la 2.2.1 liliongeza majina `True` na `False`, yakiwa si chochote zaidi ya 1 na 0. Nani angedhurika? Aliyetumia `True` kwenye 2.2.1 kisha akampelekea programu mwenzake mwenye 2.2. Kule ilikwama, kwa kuwa jina hilo halikujulikana, ilhali wote wawili waliamini wana Python 2.2.

Ahadi hii inawahusu pia wanaotengeneza maktaba (mikusanyo ya msimbo wa kutumiwa na programu nyingine) zilizoandikwa kwa lugha ya C, kama numpy, maktaba ya hesabu. Maktaba ya aina hiyo ikishatafsiriwa, yaani kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, kwa ajili ya 3.9 inapaswa kufanya kazi kwenye kila toleo la 3.9 litakalofuata, bila kutafsiriwa upya. Mwezi Aprili 2021, toleo la 3.9.3 lilikuwa na rekebisho lililobadilisha ukubwa wa muundo mmoja wa data wa ndani ambao mtumiaji wa kawaida hauoni kabisa. Kwenye mashine za biti 32, maktaba zilizotafsiriwa kwa matoleo ya awali ya 3.9 zikaanza kuanguka. Siku mbili baadaye ilitoka 3.9.4, rekebisho lile likiwa limeondolewa, na 3.9.3 ikafutwa. Napenda sana jinsi jambo hilo lilivyoshughulikiwa. Rekebisho lilikuwa na nia njema na lilitatua tatizo la kweli, lakini lilivunja ahadi, kwa hiyo likatoka.

Sasa turudi kwenye 3.10.7.

Python haiwekei namba kamili kikomo cha ukubwa. Unaweza kuzidisha na kupandisha vipeo hadi kumbukumbu ya kompyuta ijae. Ndani ya mashine namba hizo hukaa katika mfumo wa mbili (0 na 1 tu), na kazi nzito huja pale zinapogeuzwa kuwa maandishi ya tarakimu za desimali tunazosoma sisi, au maandishi hayo yanapogeuzwa kuwa namba. Kwa njia iliyotumika wakati huo, tarakimu zikiongezeka mara mbili, muda uliongezeka mara nne. Kugeuza maandishi yenye tarakimu 500,000 kuwa namba kuliweza kuchukua zaidi ya sekunde moja hata kwenye prosesa yenye kasi.

Sekunde moja ni kidogo kwa anayefanya hesabu zake nyumbani. Kwa seva inayopokea data kutoka kwa watu isiowajua ni hatari kubwa. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kutuma JSON (maandishi ya kubadilishana data kati ya programu) yenye namba ndefu kupita kiasi, Python ikaigeuza yenyewe bila kuulizwa, na maombi machache ya namna hiyo yakaishughulisha seva hadi wateja halali wakose huduma. Udhaifu huu ulisajiliwa katika CVE, orodha ya wazi ya udhaifu wa usalama wa programu, kwa namba CVE-2020-10735.

Dawa iliyoletwa ilikuwa kikomo: ubadilishaji wowote unaozidi tarakimu 4,300 unakataliwa kwa kosa la `ValueError`. Ukiandika `print(2**20000)`, yaani 2 kwa kipeo cha 20,000, kwenye 3.10.6 unapata jibu lako lenye tarakimu 6,021. Kwenye 3.10.7 unapata kosa. Hesabu yenyewe inafanyika bila shida. Kinachokataliwa ni kuiandika kwa desimali. Ukiomba `hex(2**20000)` utajibiwa, kwa sababu kugeuza kwenda mfumo wa kumi na sita hakuna mzigo ule.

Kwa nini 4,300? Sehemu ya sababu ni kwamba ubadilishaji wa ukubwa huo bado ni mwepesi. Sehemu nyingine ni ya kiutu uzima: kikomo kilichaguliwa ili majaribio ya numpy yaliyokwisha kusambaa kila mahali yaendelee kupita. Hata walipokuwa wakivunja kitu, walipima nani ataumia.

Walioumia ni watu wa hesabu, ambao namba za tarakimu elfu kumi ni kazi yao ya kila siku. Walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na uzito: programu sahihi ilianza kukataa kufanya kazi ndani ya toleo lililoahidi kutobadilisha chochote, na kikomo kilikuwa kimewashwa tangu mwanzo bila mtu kukiomba. Kwa maoni yangu, kukipeleka kwenye matengenezo ulikuwa uamuzi sahihi, kwa kuwa seva zilizokuwa bado kwenye 3.7, 3.8 na 3.9 (zote zilipata rekebisho hilohilo) zisingeweza kuachwa wazi zikisubiri wenyewe wahamie toleo la mwaka unaofuata. Anayekihitaji kidogo au asiyekihitaji kabisa ana njia: `sys.set_int_max_str_digits(0)` hukiondoa, na unaweza kuweka kiwango chako mwenyewe, ilimradi kisiwe chini ya 640.

Suluhisho la ndani zaidi, yaani njia ya kasi zaidi ya kugeuza namba kubwa sana, lilikuja na 3.12 mwaka 2023. Huo ndio mgawanyo wa kazi: matengenezo huzuia madhara leo, toleo la mwaka hubadilisha mashine yenyewe. Kikomo kimebaki hata hivyo.

Matengenezo nayo yana umri. Toleo la 3.10 lilipata marekebisho ya kila aina kwa mwaka mmoja na nusu, hadi 3.10.11 ya Aprili 2023. Kuanzia 3.10.12 ni ya usalama peke yake, tena hutolewa kama msimbo chanzo tu, bila faili za kusakinisha za Windows na macOS. Huduma hiyo huisha miaka mitano baada ya toleo kuzaliwa, hivyo ya 3.10 inaishia Oktoba 2026. Kuanzia 3.13, kipindi cha marekebisho ya kila aina kimeongezwa hadi miaka miwili.

Jihadhari pia na namba unayoiona kwenye mashine yako. Debian 11, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilibaki na Python 3.9.2, lakini wasimamizi wake walikuwa wakichukua marekebisho ya usalama kutoka matoleo ya baadaye na kuyapachika humo. Ukitumia Python iliyokuja na mfumo wako wa Linux, angalia orodha ya mabadiliko ya kifurushi chenyewe, siyo jibu la `python3 --version` peke yake. Na unaposoma orodha ya toleo jipya la matengenezo, anzia sehemu ya usalama: humo ndimo mabadiliko ya tabia kama ya 3.10.7 huingilia.